Kwa nini kiini cha fungunyota tufe hupata joto kinapopoteza nishati, na ni nini kinachokizuia kisiporomoke hadi mwisho?

Msomaji wa Anga aliuliza:

Salaam wanajukwaa. Nimekuwa nikisoma kuhusu mienendo ya ndani ya mafungunyota tufe, yale makundi ya nyota laki moja hadi milioni moja na zaidi yanayoizunguka galaksi yetu ya Njia Nyeupe, na nimekwama mahali ambapo maelezo mengi hupita haraka mno. Inasemwa kwamba kiini cha fungunyota hupitisha nishati kwenda kwa nyota za nje, na kwamba kadiri kinavyoipoteza nishati hiyo ndivyo kinavyozidi kuwa cha moto, yaani nyota zake huongeza kasi, kiini kinasinyaa, kisha kinapoteza nishati zaidi kuliko awali. Kwa fizikia niliyofundishwa, kitu kinachopoteza nishati hupoa.

Nina maswali mawili yanayofuatana. La kwanza ni hilo la joto. La pili ni kwamba, ikiwa mwendo huu unajichochea wenyewe, mbona haufiki mwisho wake? Mafungunyota haya yana umri wa takriban miaka bilioni 12 na bado tunayaona angani. M15 katika kundinyota la Farasi hutajwa kuwa na kiini kilichokwisha kuporomoka, lakini 47 Tucanae na Omega Centauri hazitajwi hivyo, na hesabu ninayoikuta mara kwa mara ni kwamba takriban moja ya tano tu ya mafungunyota tufe ya galaksi yetu ndiyo yaliyofikia hali hiyo. Yaliyobaki yanazuiwa na nini?

Ninaomba mlolongo wa sababu, pamoja na hesabu kidogo ambazo mtu anaweza kuzifuata kwa kalamu na karatasi.

---

Mwalimu Mekanika alijibu:

Ndugu Msomaji, swali lako la kwanza linajibika kwa mwili mmoja tu, kwa hiyo tuuchukue huo kabla ya kufika kwenye nyota laki moja.

Fikiria satelaiti inayozunguka Dunia kwenye kimo cha kilomita 400, ikienda takriban kilomita 7.7 kwa sekunde. Hewa nyembamba iliyoko huko huikwaruza na kuipunguzia nishati. Mtu angetarajia ipunguze mwendo, lakini kinachotokea ni kwamba inashuka kwenye njia ya chini zaidi, na katika njia hiyo inakwenda kwa kasi kubwa kuliko ile ya mwanzo. Kwa kushuka kwake, mvutano umetoa nishati mara mbili ya ile iliyochukuliwa na hewa: nusu ndiyo hiyo iliyokwenda na hewa, na nusu imeongeza mwendo. Kundi lolote la miili linaloshikiliwa na mvutano wake lenyewe, likiwa limekwisha kutulia katika umbo lake, hufuata kanuni hiyohiyo, ambayo wanafizikia huiita kanuni ya viriali. Ukiiita nishati ya mwendo K, nishati ya mvutano ni −2K, na jumla ya zote mbili ni −K. Ondoa kipimo kimoja cha nishati kutoka kwenye jumla, na K haina budi kuongezeka kwa kipimo kimoja. Hakuna mwujiza wowote. Ni kutoa na kujumlisha.

Joto tunalolizungumzia hapa, bila shaka, si la nyuso za nyota. Ni wastani wa nishati ya mwendo wa nyota zenyewe zinapopita huku na huko ndani ya fungunyota, kama vile joto la gesi lilivyo wastani wa mwendo wa molekuli zake. Sasa weka kiini cha moto ndani ya halo, yaani tabaka la nyota za nje, iliyo baridi kidogo. Nishati itatoka kwenye kiini kwenda kwenye halo, kwa sababu ndivyo joto linavyosafiri popote. Kiini kikipoteza nishati hupata joto zaidi, na halo nayo ikipokea nishati huweza kupata joto. Kila kitu kinategemea ni upande upi unaopanda haraka zaidi. Halo ikiwa ndogo, itapanda upesi, itakifikia kiini, na mtiririko utasimama. Halo ikiwa kubwa mno, haitakifikia kamwe, na tofauti ya joto itazidi kupanuka. Mwaka 1962 Antonov, mwanafizikia wa Kisovieti, alithibitisha mpaka wa hali hizo mbili kwa mfano wa gesi iliyofungiwa ndani ya tufe: msongamano wa katikati ukizidi ule wa ukingoni kwa zaidi ya mara 709, hakuna tena hali ya utulivu iliyo imara. Mwaka 1968 Lynden-Bell na Wood walieleza maana yake kifizikia na kuiita hali hiyo balaa la joto na mvutano, jina ambalo mimi huliona limetiwa chumvi kidogo, kwa sababu balaa lenyewe huchukua mabilioni ya miaka.

Hapo ndipo inapohitajika hesabu uliyoiomba. Nyota mbili hazihitaji kugongana ili kupeana nishati. Kila moja inapoipita nyingine, mvutano huisogeza njia yake kidogo sana, na misogeo hiyo midogo hujilimbikiza. Muda unaohitajika hadi njia ya nyota ibadilike kabisa, ambao nitauita muda wa kusawazika, ni takriban N kugawanywa kwa mara nane ya logi asilia ya N, kisha kuzidishwa kwa muda ambao nyota hutumia kuvuka fungunyota mara moja, ambapo N ni idadi ya nyota. Nyota inayokwenda kilomita 10 kwa sekunde huvuka parsek 10, yaani miakanuru 33 hivi, katika miaka milioni moja. Kwa nyota 100,000, N kugawanywa kwa 8 logi N ni takriban 1,100, kwa hiyo muda wa kusawazika ni kama miaka bilioni moja. Kwa nyota milioni moja ni kama miaka bilioni 9. Kwa galaksi yenye nyota bilioni 100, ambayo kuivuka huchukua miaka milioni 100 hivi, jibu ni zaidi ya mara milioni moja ya umri wa ulimwengu, na ndiyo sababu nyota za galaksi kubwa hazijapeana nishati kwa njia hii kwa kiasi chochote cha maana.

Mafungunyota tufe, basi, yamekaa mahali pa kipekee: yana umri mkubwa wa kutosha na nyota chache za kutosha ili balaa la Antonov lipate nafasi. Kwa kundi la nyota zenye masi sawa, kiini huporomoka baada ya takriban mara 15 ya muda wa kusawazika uliopimwa katika umbali kutoka katikati unaozingira nusu ya masi ya fungunyota. Nyota halisi zina masi tofauti, na hilo huharakisha mambo: katika kupeana nishati, nyota nzito hupunguza mwendo na kuzama katikati, nyepesi husukumwa nje, na kiini kilichojaa nyota nzito huporomoka mapema zaidi. Aidha, katikati ya fungunyota msongamano ni mkubwa na muda wa kusawazika ni mfupi sana kuliko huo wa wastani.

Swali lako la pili nawaachia wanaofanya kazi na nyota maradufu.

---

Mchunguzi wa Viini alijibu:

Nashukuru kwa maelezo ya Mwalimu Mekanika, nami nitaendelea pale alipoishia.

Anayeuliza kwa nini kiini hakiporomoki hadi mwisho anaweza kuanza na swali linalofanana nalo: kwa nini Jua haliporomoki? Jua nalo ni mwili unaoshikiliwa na mvutano wake, linapoteza nishati kila sekunde, na kwa kanuni ya viriali lingepaswa kusinyaa na kupata joto zaidi. Halisinyai kwa sababu katikati yake kuna chanzo cha nishati kinachofidia kile kinachopotea usoni. Fungunyota nalo lina chanzo chake, nacho ni nyota maradufu, yaani jozi za nyota zinazozungukana.

Mfaransa Michel Hénon alilitambua jambo hili mwaka 1961. Alikuwa akitafuta mfano wa kihesabu wa fungunyota linalobadilika bila kupoteza umbo lake, na mfano alioupata ulidai nishati itiririke kutoka katikati. Badala ya kuutupa mfano huo, alipendekeza kwamba jozi za nyota zilizomo katika kiini ndizo zinazoitoa. Kompyuta za siku zile zilikuwa zikifuata nyota chache tu. Mahesabu ya von Hoerner ya mwaka 1960 yalikuwa na nyota 16.

Tuutazame mkutano mmoja kwa karibu. Jozi ya nyota mbili zilizokaribiana sana inafikiwa na nyota ya tatu inayokuja polepole kutoka pembeni. Mvutano wa jozi unaiharakisha nyota hiyo, inaingia katikati yao, na kwa kitambo zote tatu zinazungukana kwa njia zilizovurugika ambazo hakuna anayeweza kuziandika kwa mlinganyo mfupi. Hali hiyo haidumu. Moja kati ya tatu, mara nyingi iliyo nyepesi zaidi, inatupwa nje kwa kasi ya makumi ya kilomita kwa sekunde, na mbili zilizobaki zinakuwa jozi iliyokazana zaidi kuliko ile ya mwanzo, nayo inarudi nyuma kama bunduki iliyofyatuliwa. Nyota iliyotupwa, ikiwa haikutoroka kabisa, itagawa nishati yake kwa nyota nyingine itakazozipita. Jozi imelipa gharama yote kwa kukazana.

Heggie na Hills, kila mmoja kwa njia yake, walionyesha mwaka 1975 kwamba si kila jozi hufanya hivyo. Jozi ambayo nishati yake ya kufungamana inazidi wastani wa nishati ya mwendo wa nyota zinazoizunguka huzidi kukazana. Iliyo legevu kuliko hapo huzidi kulegea hadi itengane. Katika fungunyota ambalo nyota zake zinakwenda kilomita 10 kwa sekunde, mpaka huo kwa nyota zenye masi ya Jua uko karibu na mahali ambapo nyota mbili zimeachana kwa mara 10 ya umbali wa Dunia kutoka kwenye Jua.

Je, nishati hiyo inatosha? Chukua fungunyota la nyota 100,000 zenye wastani wa nusu ya masi ya Jua, zikienda kilomita 10 kwa sekunde, upate nishati yao yote ya mwendo. Kisha chukua jozi moja ya nyota zenye masi ya Jua, zilizoachana kwa sehemu moja ya kumi ya umbali wa Dunia na Jua, upate nishati ya kufungamana kwao. Utaona kwamba jozi zisizofika 600 za namna hiyo zinabeba nishati sawa na ya fungunyota zima. Hakika nishati iliyomo ni ya kutosha na ya kusaza.

Lakini jambo ambalo mimi huliona kuwa ndilo moyo wa somo hili zima, na ambalo vitabu vingi huliweka pembeni, ni swali la nani anayeamua kiasi cha nishati kinachotolewa. Si kiini. Kiasi hicho huamuliwa na sehemu kubwa ya fungunyota iliyo nje, kulingana na kasi yake ya kupokea na kusambaza nishati, nacho ni takriban sehemu moja ya kumi ya nishati ya fungunyota zima kwa kila muda mmoja wa kusawazika. Kiini hujirekebisha tu. Kikitoa kidogo mno, husinyaa, msongamano wake hupanda, jozi hukutana na nyota nyingine mara nyingi zaidi, na utoaji huongezeka. Kikitoa kingi mno, hupanuka na mikutano hupungua. Kwa hiyo ukubwa wa kiini tunaouona kwa darubini ni ule ambao kwao mafuta yaliyopo yanatosheleza mahitaji ya nje. Mafuta yakiwa bora, kiini kipana kinatosha. Yakiwa hafifu, kiini hakina budi kuwa kidogo na kilichosongamana sana.

Marekebisho hayo si lazima yawe laini. Sugimoto na Bettwieser walitabiri mwaka 1983 kwamba kiini kinaweza kupanuka na kusinyaa kwa zamu, na mwaka 1996 Makino alilithibitisha hilo kwa kufuata nyota 32,000 kwenye GRAPE-4, kompyuta iliyoundwa Japani mahususi kwa mahesabu ya mvutano.

---

Msomaji wa Anga aliandika:

Nawashukuru sana, walimu wangu. Hoja ya kwamba kiini kinalitii fungunyota zima badala ya kulitawala imenifungulia mengi. Yamebaki mawili. Ikiwa mafungunyota yote yana jozi, mbona machache yana viini vilivyosongamana kama M15 na mengi yana viini vipana? Jozi peke yake zinaweza kuieleza tofauti hiyo? Na katika msongamano huo wote, nyota hazigongani?

---

Halo alijibu:

Nitalijibu la migongano kwa ufupi. Katika viini vilivyosongamana zaidi kunaweza kuwa na nyota laki kadhaa hadi milioni moja katika parsek moja ya ujazo, ilhali katika ujirani wa Jua ni takriban moja katika kila parsek 10 za ujazo. Hata hivyo, kwa nyota milioni moja kwa kila parsek ya ujazo, umbali wa wastani kati ya jirani na jirani bado ni takriban mara 2,000 ya ule wa Dunia na Jua, na nyota yenyewe ni kitu kidogo mno katika nafasi hiyo. Kinachosaidia ni kwamba nyota hizo zinakwenda polepole. Kwa kuwa kasi ya kutoroka kutoka uso wa Jua ni kilomita 618 kwa sekunde, nyota mbili zinazokaribiana kwa kilomita 10 tu kwa sekunde huvutana kwa nguvu inayolipanua eneo la shabaha yao mara elfu kadhaa kuliko eneo la miili yenyewe. Kwa hiyo migongano hutokea, nayo hutokea zaidi pale jozi zinapoingia katika vurugu za nyota tatu au nne.

Alama yake inaonekana. Mwaka 1953 Allan Sandage aligundua katika fungunyota M3 nyota za buluu zilizong'aa kuliko inavyowezekana kwa umri wake. Nyota za namna hiyo zilipaswa kuwa zimekwisha kuzeeka. Leo zinaelezwa kuwa ni nyota zilizoongezewa masi, ama kwa kugongana na kuungana, ama kwa kunyonya gesi ya mwenzake katika jozi. Kwa kuwa ni nzito kuliko nyota za kawaida za fungunyota, huzama katikati kadiri muda unavyopita, na tangu mwaka 2012 wataalamu wamekuwa wakitumia mtawanyiko wake kama saa ya kupimia fungunyota limefika wapi katika safari yake ya ndani. Dalili nyingine ni kwamba, kwa kila kipimo cha masi, jozi zinazotoa eksirei ni nyingi takriban mara mia moja katika mafungunyota tufe kuliko kwingineko katika galaksi, na kwamba fungunyota Terzan 5 peke yake lina pulsa, yaani mabaki ya nyota yanayozunguka na kutoa mapigo ya redio, zaidi ya 40. Vitu hivyo huzaliwa kwa mikutano ya aina aliyoieleza Mchunguzi wa Viini.

---

Mchunguzi wa Viini alijibu:

Kuhusu viini vipana, Msomaji umegusa mahali ambapo mawazo yamegeuka ndani ya miaka kama kumi na mitano hivi. Jozi za nyota za kawaida hueleza sehemu tu ya tofauti hiyo. Mafuta mengine yaliyopo ni mashimo meusi.

Fungunyota kubwa likizaliwa, nyota zake nzito kabisa hufa ndani ya makumi machache ya mamilioni ya miaka, na mamia ya mashimo meusi yenye masi ya mara kadhaa hadi makumi ya masi ya Jua huweza kubaki. Hayo ndiyo yanayokuwa miili mizito kuliko yote iliyosalia, kwa hiyo huzama katikati upesi. Miaka ya 1990 iliaminika kwamba baada ya kuzama yangetupana nje katika muda mfupi na kuacha moja au mawili, kwa sababu kundi dogo la miili michache lililojitenga husambaratika haraka. Hoja hiyo ilisahau kwamba kundi hilo halijitegemei. Breen na Heggie walieleza mwaka 2013 kwamba mashimo meusi nayo yanalitumikia fungunyota zima: hukazana katika jozi na kutupana kwa kadiri tu ya nishati inayohitajika nje, na kwa kuwa mahitaji ya nje ni ya polepole, akiba hiyo inaweza kudumu kwa mara 10 hivi ya muda wa kusawazika wa fungunyota. Katika kipindi hicho chote nyota zinazong'aa husukumwa zikae mbali na katikati, na anayetazama kwa darubini huona kiini kipana kisicho na dalili ya kuporomoka. Mashimo yakikaribia kwisha, nyota maradufu za kawaida na vibete vyeupe, yaani mabaki ya nyota za kawaida zilizokufa, hulazimika kushika kazi, na kwa kuwa hayo ni mafuta hafifu, kiini husinyaa hadi kifanane na cha M15 au NGC 6397.

Uchunguzi uliunga mkono. Mwaka 2012 vyanzo viwili vya redio katika M22 vilitambuliwa kuwa huenda ni mashimo meusi. Mwaka 2018, kwa kifaa cha MUSE kwenye Darubini Kubwa Sana iliyoko Chile, nyota moja ya NGC 3201 yenye masi ya takriban 0.8 ya Jua ilionekana ikienda mbele na nyuma kwa mzunguko wa siku 167, ikivutwa na kitu kisichotoa nuru chenye masi isiyopungua mara 4.36 ya Jua. NGC 3201 ni fungunyota lenye kiini kipana, kama nadharia inavyotaka. Palomar 5, ambalo mikia yake ya nyota zilizonyofolewa na mvutano wa galaksi iligunduliwa mwaka 2001, ni mfano wa kupindukia: mahesabu yaliyotolewa mwaka 2021 yanaonyesha kwamba upana wake na mikia yake hueleweka vizuri ikiwa takriban moja ya tano ya masi yake ya leo ni mashimo meusi.

Nitoe tahadhari moja kuhusu M15 na Omega Centauri, maana huchanganywa mara nyingi. Katika M15 iliwahi kudaiwa, mwaka 2002, kwamba kuna shimo jeusi la masi ya maelfu ya Jua. Baadaye ilionekana kwamba nyota nyutroni na vibete vyeupe vilivyozama katikati vinatosha kuieleza masi hiyo, na hivyo ndivyo fungunyota lililoporomoka linavyotarajiwa kuwa. Omega Centauri ni habari nyingine kabisa. Hilo lina masi ya milioni kadhaa za Jua, muda wake wa kusawazika ni mrefu kiasi kwamba kuporomoka hakutarajiwi hata kidogo, na wengi hulihesabu kuwa kiini kilichobaki cha galaksi ndogo iliyomezwa na yetu. Mwaka 2024, kwa picha za darubini ya Hubble za zaidi ya miaka 20, zilipatikana nyota saba karibu na katikati yake zinazokwenda kasi kupita kasi ya kutoroka ya fungunyota, nazo zinadai shimo jeusi lenye masi isiyopungua mara 8,200 ya Jua.

---

Kilimia alijibu:

Niongeze upande wa mifumo midogo, kwa sababu hesabu zilezile zinatoa picha tofauti kabisa.

Kilimia, fungunyota wazi lililoko takriban miakanuru 440 kutoka hapa, lina nyota kama elfu moja na umri wa takriban miaka milioni 100. Ukitumia kanuni ya Mwalimu Mekanika, N kugawanywa kwa 8 logi N ni 18 tu, na muda wa kuvuka ni miaka milioni kadhaa, kwa hiyo muda wake wa kusawazika hauzidi sana umri wake wenyewe. Nyota zake zinakwenda chini ya kilomita moja kwa sekunde. Sasa rudia hesabu ya jozi: katika kundi la nyota elfu moja linalokwenda kilomita moja kwa sekunde, jozi moja ya nyota zenye masi ya Jua, zilizoachana kwa umbali wa Dunia na Jua, ina nishati ya kufungamana inayozidi nishati ya mwendo ya kundi zima. Katika fungunyota tufe jozi ni mafuta. Katika kundi dogo jozi moja inaweza kuamua hatima ya wote.

Kuna pia uvukizaji, yaani nyota kutoroka moja moja, ambao Ambartsumian aliuandikia mwaka 1938 na Spitzer mwaka 1940. Kwa wastani, nyota inahitaji mara mbili ya kasi ya kawaida ili itoroke. Katika mgawanyo wa kasi uliosawazika, nyota zenye kasi hiyo ni takriban moja katika kila 136, na kila muda wa kusawazika ukipita, pengo lao hujazwa na wengine. Kwa hesabu hiyo pekee fungunyota lingedumu takriban mara 140 ya muda wake wa kusawazika, lakini mvutano wa galaksi hushusha ukingo wa kutoroka, na mawingu ya gesi yanayopita huyatikisa makundi madogo, hivyo mengi ya mafungunyota wazi hutawanyika kabla ya kutimiza miaka bilioni moja. Hyades, lenye umri wa miaka milioni 600 na ushei, tayari lina mikia ya nyota inayoonekana katika vipimo vya chombo cha Gaia.

Usije ukaichanganya mifumo hiyo na galaksi hafifu sana zinazoizunguka Njia Nyeupe. Segue 1 inatoa nuru ya nyota mia chache tu za aina ya Jua, hafifu kuliko mafungunyota tufe karibu yote, lakini nyota zake zinakwenda kasi kupita kiasi, kiasi cha kudai masi zaidi ya mara elfu ya ile inayoonyeshwa na nuru. Fungunyota tufe la kawaida huhitaji mara mbili hivi tu, ambazo nyota na mabaki yake hutosha kuzieleza. Katika Segue 1 mada nyeusi, yaani ile isiyotoa nuru na inayojulikana kwa mvutano wake tu, ndiyo inayoshikilia kila kitu, na kupeana nishati kati ya nyota na nyota hakuna uzito wowote.

---

Msomaji wa Anga aliandika:

Nashukuru, ndugu zangu wote. Swali la mwisho, kwa Mchunguzi wa Viini: mashimo meusi yasiyo na nyota ya kuyumbisha hayaonekani. Mtu anawezaje kujua kwamba kiini kipana kinashikiliwa nayo, na si kwamba fungunyota bado ni changa kimwenendo?

---

Mchunguzi wa Viini alijibu:

Huangalia jinsi nyota zinazoonekana zilivyojipanga kwa uzito. Hesabu kwanza muda wa kusawazika. Ukiwa mrefu kuliko umri wa fungunyota, kiini kipana hakihitaji maelezo mengine. Ukiwa mfupi, nyota nzito zinazong'aa zilipaswa kuwa zimezama na nyepesi kusukumwa nje. Ukikuta hazijafanya hivyo, au zimefanya kidogo kuliko ilivyotarajiwa, maana yake kuna kitu kizito zaidi kilichoshika nafasi ya katikati na kinachozirudishia nishati kila zinapojaribu kuzama. NGC 6101 lilichunguzwa hivyo: nyota zake za buluu za aina aliyoigundua Sandage zimetawanyika sawa na nyota nyepesi, na mahesabu ya mwaka 2016 yalionyesha kwamba kundi la mashimo meusi linaweza kulieleza hilo.

Kipimo cha pili ni kasi. Gaia na Hubble hupima mwendo wa nyota moja moja angani, na masi isiyotoa nuru iliyoko katikati huzifanya nyota za ndani ziende kasi zaidi kuliko nuru peke yake inavyoruhusu. Ugumu uliopo ni kutofautisha mwili mmoja mkubwa na mingi midogo, kwa sababu nyota zilizoko mbali kidogo na katikati huhisi mvutano ule ule kwa vyote viwili. Katika NGC 6397, mahesabu yaliyotolewa mwaka 2021 kwa kutumia mwendo wa nyota za ndani kabisa yalielekea upande wa mabaki mengi yaliyotawanyika badala ya shimo moja.